Mkeka Ukitandikwa, Shule Imefunguliwa

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa chekechea kwa wazazi na walezi, Mombasa

Waheshimiwa wazazi na walezi, walimu wenzangu, nanyi mabibi na mababu mliojikaza kuja hapa jua la alasiri likiwa bado kali, nawasalimu nyote kwa heshima. Nawashukuru walioandaa kikao hiki kwa kunipa nafasi ya kusema juu ya jambo lililonikaa moyoni kwa miaka kadhaa, nalo ni namna ya kumpangia siku mtoto mdogo anayesoma nyumbani, mwalimu wake akiwa mbali, kwenye redio, kwenye runinga au ndani ya simu. Ninaposema mtoto mdogo nina maana ya yule wa miaka minne hadi minane, kuanzia chekechea hadi gredi ya tatu, ambaye bado hajiwezi kujiendesha na ambaye karibu kila anachokifanya humhitaji mtu mzima wa kumwanzishia.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini turudi kwenye mambo ya wakati wa korona ilhali milango ya shule i wazi. Tunarudi kwa sababu milango hiyo imeshatuonyesha kwamba hufungwa bila kubisha hodi. Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote nchini. Watoto wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo, lakini wadogo wetu wote wa chekechea walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Jirani zetu wa Tanzania walifunga siku mbili baada yetu na wakafungua tarehe 29 Juni 2020, na ndugu zetu wa Uganda walingoja hadi tarehe 10 Januari 2022 ndipo shule zao zikafunguliwa kikamilifu. Tulidhani yamekwisha, mara ikaja mvua ya mwaka 2024, na shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zikafunguliwa tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Tena yupo mtoto anayevunjika mguu, yupo anayelazwa na kurudishwa nyumbani kwa wiki sita, na yupo ambaye wazazi wake wamehama katikati ya muhula naye hajapata nafasi kwingine. Kwa watoto hawa shule imefungwa hata kama kengele ya jirani inalia kila asubuhi.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha nitakayoyasema. Shule zilipofungwa, mjukuu wangu wa miaka mitano aliletwa kwangu, wazazi wake wakiwa kazini. Nilikuwa nimefundisha chekechea kwa zaidi ya miaka thelathini, nami nikaamini kwamba nyumba yangu haitashindwa kuwa darasa. Nilichukua karatasi ya manila nikachora ratiba ya kupendeza, yenye mistari ya rangi tatu: saa mbili kamili hisabati, saa mbili na nusu lugha, saa tatu kamili mazingira, na kuendelea hivyo hadi saa tisa. Nikaibandika ukutani karibu na meza ya chakula. Siku ya kwanza mtoto alifurahi, siku ya pili akavumilia, siku ya tatu akaanza kuniuliza kila baada ya dakika chache, “Bibi, bado?” Siku ya nne nilimtafuta nyumba nzima nikamkuta nyuma ya pazia la chumbani, amekumbatia daftari lake kifuani, analia bila kutoa sauti ili nisimsikie.

Nilikaa naye pale chini kwa muda mrefu. Nilipomuuliza kinachomliza hakuweza kusema, na ilikuwa haki asiweze, kwa kuwa hakukuwa na neno moja kati ya yale aliyokuwa nayo ambalo lingeeleza kwamba bibi yake amempa siku isiyo na mwanzo wala mwisho anaouelewa. Ratiba ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyejua kuisoma saa. Yeye alichokiona ni kwamba daftari linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa tena, bila dalili yoyote kwamba litafungwa jumla na yeye ataruhusiwa kutoka uani. Neno “bado?” lilikuwa neno la mtu aliye safarini kwenye njia asiyoijua, ambaye hawezi kuangalia nje akatambua amefika wapi.

Hoja yangu ya leo, kwa hiyo, ni moja tu: siku ya mtoto mdogo hupangwa kwa mfuatano wa mambo, na saa ya ukutani ni ya kumsaidia mtu mzima peke yake. Sikilizeni watoto wenu wanavyoongea. Mtoto wa miaka minne atakwambia, “Jana tutakwenda kwa shangazi,” na asione kosa lolote. Sisi tuna leo, kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, tunazipanga siku kama shanga kwenye uzi, lakini yeye uzi huo hajaushika bado. Anachokishika ni kwamba baada ya kunawa uso huja chai, na baada ya chai vyombo huoshwa, na vyombo vikishaoshwa jambo fulani hufuata. Mkimpa mfuatano huo kila siku bila kuugeuza, baada ya wiki moja au mbili ataacha kuuliza “bado?” na ataanza kukwambia wewe kinachofuata.

Wala jambo hili si geni katika lugha yetu. Kabla ya saa za mkononi kuenea, watu wa mwambao huu waliigawa siku kwa mambo yanayotendeka: jogoo la kwanza, alfajiri, mafungulia ng’ombe, adhuhuri, alasiri, machweo. Aliyesema “nitakuja mafungulia ng’ombe” alieleweka na mkubwa na mdogo, kwa sababu ng’ombe walionekana wakitoka zizini. Hata saa zetu za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua likichomoza, ndiyo maana saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Mtoto mdogo bado anaishi katika wakati wa namna hiyo, na anayetaka kumpangia siku hana budi kumfuata huko.

Kazi ya kwanza ya mzazi, basi, si kuchora jedwali. Ni kukaa kitako na kujiuliza nyumba yake tayari inafanya nini kila siku, kwa mpangilio upi, na kuchagua mambo mawili au matatu yasiyokosekana. Hayo ndiyo vigingi, na somo la mtoto linafungwa kwenye kigingi ili lisipeperuke.

Wakati ule alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu anayeuza mahamri na mbaazi mlangoni pake. Akaniambia, “Mwalimu, mimi saa kumi za alfajiri nishaamka nakanda unga, na jioni macho hayafunguki. Nitafundisha saa ngapi?” Nilimwomba nikae naye asubuhi moja nimtazame. Wateja wake humiminika tangu saa kumi na mbili na nusu, huanza kupungua saa mbili na nusu, na kufikia saa tatu anaosha karai na sufuria. Binti yake wa gredi ya kwanza alikuwa akizunguka miguuni pake muda wote huo, akitumwa chumvi, akitumwa karatasi za kufungia, akikemewa asisogelee mafuta ya moto. Tulikubaliana kwamba karai likishaanikwa, na si kabla, mama atakaa na binti yake kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Karai lililoanikwa likawa ndiyo kengele. Nilipopita baada ya wiki tatu nilimkuta yule mtoto amesimama kando ya mama yake na kitambaa mkononi, akingoja kwa hamu amkaushie karai, kwa kuwa alijua kwamba zamu yake inafuata.

Ningependa kuongeza jambo hapa ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawatalipenda. Tuliwahimiza wazazi wageuze kila kazi ya nyumbani kuwa somo: kuhesabu mahamri kumikumi kapuni ni hisabati, kupanga sahani ni maumbo, kukuna nazi ni sayansi. Ni kweli kuna mafunzo mengi humo, na yule binti alijifunza kuhesabu kwa makumi kwenye kapu la mama yake kuliko kwenye kitabu. Lakini mtoto anayeulizwa maswali tangu anapoamka mpaka anapolala huchoka kama vile angechoka mtu mzima anayehojiwa kutwa nzima. Mwacheni wakati mwingine aikune nazi kwa ajili ya mchuzi tu.

Baada ya kigingi huja mlango. Shuleni mtoto anavuka lango, anamwona bawabu, anapanga mstari, anaimba, na mwili wake mzima unaambiwa kwamba sasa tumo ndani. Nyumbani hakuna lango. Meza anayolia chakula ndiyo anayoandikia, na kitanda anacholalia pengine ndicho anachokalia akisikiliza redio. Ndiyo maana siku ile nilipomtoa mjukuu wangu nyuma ya pazia niliiondoa karatasi ya manila ukutani na kutoa mkeka wa ukindu uliokuwa umesimamishwa pembeni mwa kabati. Nikamwambia kwamba mkeka ukitandikwa shule imefunguliwa, na mkeka ukikunjwa shule imefungwa, na kwamba atakayeutandika na kuukunja ni yeye mwenyewe. Hilo la yeye mwenyewe lilikuwa muhimu kuliko mkeka. Alijifunza kuushika ncha mbili, kuupepesua ukatanuka, kuusawazisha ukingo uliojikunja kwa kuukanyaga kwa kisigino. Akaketi. Tukasoma, tukaimba, tukaandika, kisha akausokota taratibu mpaka mwisho na kuusimamisha mahali pake, akakimbia uani. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeruhusiwa kumpa somo mkeka ukiwa umekunjwa, hata mimi, hata nilipokumbuka kwamba tumesahau herufi moja.

Wapo waliowavalisha watoto sare za shule asubuhi na kuwakalisha barazani. Sina ugomvi nao, na mtoto akiiomba sare yake mpeni, maana huenda anaikumbuka shule. Kwa wengi, hata hivyo, kunawa uso na kuvua nguo za kulalia kunatosha.

Sasa nije kwenye muda, ambapo ndipo wazazi wengi hujitesa bure. Katika mtaala wetu kipindi cha chekechea na cha gredi tatu za kwanza ni dakika 30. Mzazi husikia hivyo akadhani mwanawe anaandika na kusoma dakika 30 mfululizo. Mimi nimesimama mbele ya darasa hizo, nami nawahakikishia kwamba ndani ya dakika hizo kuna kugawa vitabu, kumtafutia mmoja penseli, kumpeleka mwingine msalani, kumnyamazisha wa tatu na kuimba wimbo ili wote warudi. Mtoto mmoja aliyekaa na mtu mmoja mkekani anamaliza kazi hiyo kwa dakika 10 hadi 15. Vipindi viwili vya namna hiyo asubuhi na kimoja jioni vinamtosha mtoto wa chekechea, na wa gredi ya tatu unaweza kumwongezea kidogo. Muda unaobaki haukupotea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, lilisema kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kuuchezesha mwili wake kwa angalau dakika 180 kwa siku, alale kwa muda wa kati ya saa 10 na 13 kwa kujumlisha usingizi wa mchana, na asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja. Linganisheni saa tatu za kukimbia na saa moja ya skrini, kisha mfikirie yale madarasa ya mtandaoni ambayo baadhi ya shule ziliwawekea watoto wa chekechea asubuhi nzima.

Niseme neno kuhusu redio, kwa kuwa sisi Wakenya tuna historia nayo tunayoisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi hii ilikuwa na mradi uliowafundisha Kiingereza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu kwa njia ya redio, kwa mfano uliotokana na masomo ya hisabati yaliyoanzishwa Nicaragua mwaka 1974. Zanzibar nao walitumia redio kuwafundisha watoto wadogo waliokusanyika na mlezi wao, katika vipindi vya Tucheze Tujifunze. Siri ya vipindi hivyo ilikuwa ukimya. Msemaji aliuliza, akanyamaza, mtoto akajibu kwa sauti au akasimama akarukaruka kama alivyoambiwa, kisha msemaji akaendelea. Korona ilipokuja, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo hewani kupitia redio ya KBC na kwenye runinga ya Edu Channel, na wazazi wengi wakafanya kile ambacho mtu aliyechoka angefanya: wakaiwasha redio wakaondoka. Ule ukimya wa kujibu ukabaki mtupu. Mtoto wa miaka sita hamjibu mtu asiyemwona ikiwa hakuna anayemwona yeye akijibu. Si lazima umfundishe. Unaweza kuwa unachambua mchele palepale, lakini msemaji akiuliza, mtazame mwanao kwa namna ya kumwambia kwamba unasubiri jibu lake. Na kwa kuwa redio haimngoji mtu, itabidi kipindi chake kiwe kigingi kimojawapo, na mambo ya nyumba yasogezwe kidogo kukipisha.

Simu ni mtihani mkubwa zaidi. Katika nyumba nyingi za mitaa yetu simu yenye intaneti ni moja, na mwenyewe anaondoka nayo asubuhi. Namkumbuka baba mmoja wa bodaboda ambaye simu yake ilikuwa ndiyo kazi yake, ikipokea wateja tangu alfajiri. Mwalimu wa mwanawe alikuwa akituma kazi saa mbili asubuhi katika kundi la wazazi la WhatsApp, naye baba akizifungua usiku, mtoto amesinzia, kila mmoja akimkasirikia mwenzake. Walipokuja kwangu tulipanga kwamba kazi ya jioni ya leo ifanywe kesho mchana. Baba akirudi anakoga, anakula, anapumzika. Huo ni wakati wake na hauguswi. Kisha mtoto anakaa ubavuni pake, wanaisikiliza sauti ya mwalimu mara mbili, wanapiga picha kazi aliyoifanya mchana kwenye daftari na kuituma, mama ananakili kazi mpya kwa penseli, na simu inarudi mfukoni. Dakika 15 kwa yote. Jambo zito hapo lilikuwa ile simu kurudi mfukoni. Simu inayoingia mikononi mwa mtoto bila kujulikana itatokaje huishia kwenye katuni, na katuni huishia kwa vilio, na kesho yake mtoto huiomba simu kwa ajili ya “masomo” ambayo nyote wawili mnajua si masomo. Mpeni simu jambo moja la kufanya, na mtoto aambiwe jambo hilo kabla kioo hakijawaka.

Nataka pia kutaja urithi ulioanzia hapahapa mjini petu. Katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mombasa chekechea za madrasa chini ya usaidizi wa Wakfu wa Aga Khan, mpango ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Waliokwenda kuziona walikuta watoto wakijifunza kwa vifuu, makombe ya pwani, vizibo vya soda na vipande vya khanga, na wakakuta siku yenye mpangilio ambao mtoto mwenyewe anaujua. Kabla ya kucheza, mtoto anaeleza atacheza nini, anacheza, kisha anakaa na wenzake na kusimulia alichokifanya. Kwa watoto walio nyumbani sijaona kitu rahisi na chenye faida kuliko hiki. Mkeka ukikunjwa, muulize, “Unakwenda kufanya nini?” Atasema anajenga nyumba ya paka. Mwache ajenge, hata kama kwa macho yako anaburura matofali tu. Akirudi, akiwa ananawa mikono, muulize nyumba imekuwaje. Mtoto anayepanga jambo, akalitenda, kisha akalisimulia, anafanya kazi ya lugha na ya akili ambayo hakuna karatasi ya mazoezi itakayoifikia, na wewe hujatumia hata senti moja ya bando.

Nafahamu kwamba humu ukumbini wamo mabibi wanaolea wajukuu ambao mama zao wako Ghuba kwa kazi. Nanyi ningependa kuwaambia kwamba yule mama aliye mbali anaweza kuwa kigingi. Riyadh saa yao ni sawa na yetu, na Muscat wametutangulia kwa saa moja tu, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Bibi mmoja jirani yangu alipatana na binti yake kwamba, kwa kuwa mwajiri hamruhusu kupiga simu kila siku, atakuwa akirekodi sauti anapopata nafasi na kuituma: hadithi fupi, au jina la kitu kimoja alichokiona siku hiyo, au wimbo. Bibi aliichezea ile sauti mtoto akiwa ameshakoga na kupaka mafuta, kabla ya dua ya kulala, si wakati mwingine wowote. Ikiwa siku hiyo hakuna sauti mpya, walisikiliza ya jana. Mtoto yule alijua kwamba mama yuko baada ya mafuta na kabla ya dua, na alilala.

Na usingizi wenyewe, wazazi wangu, ndio unaobeba siku nzima inayofuata. Nimeona nyumba ambamo asubuhi ilikuwa vita, na kila mtu akailaumu hesabu au akamlaumu mwalimu, kumbe mtoto alilala saa tano usiku mbele ya runinga. Ukitaka kuirekebisha siku iliyovurugika, usianze na masomo. Anza na usiku: koga, chakula, sauti ya hadithi, taa. Masomo yatajipanga nyuma yake.

Mtaniuliza itakuwaje siku mpangilio ukivunjika, kwa msiba, kwa mgeni, kwa homa. Utavunjika, nanyi msiufukuzie kwa kumlipisha mtoto masomo ya jana. Rudini kwenye kigingi kilicho karibu na muendelee kuanzia hapo. Mwaka ule ule wa 2020 Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, wiki chache tu baada ya shule kufungwa, na nyumba nyingi za Waislamu zilibadilika saa zote: watu waliamka daku, wakalala tena baada ya alfajiri, jikoni kukawa kimya mpaka alasiri. Niliogopa kwamba yale tuliyoyajenga yangebomoka. Hayakubomoka. Mjukuu wangu aliamka akiwa amechelewa kwa saa mbili, akanawa uso, akapata uji wake kwa kuwa hakuwa na umri wa kufunga, akaosha kikombe, akaenda moja kwa moja pembeni mwa kabati akautoa mkeka. Kwa hesabu ya saa alikuwa amechelewa sana. Kwa hesabu yake hakuna kilichobadilika.

Shule zilipofunguliwa, wengi walisahau kwamba kurudi nako kunahitaji kupangwa. Mtoto aliyezoea kusoma ubavuni pa bibi anarudi kwenye chumba chenye wenzake hamsini. Kwa wiki mbili kabla ya kufungua, sogezeni wakati wa kulala na wa kuamka kidogo kidogo, mpitisheni njia ya shule hata mara mbili mkiongea, na msiukatishe mkeka ghafla. Sisi tuliendelea kuutandika jioni kwa dakika 10 muhula mzima, kwa ajili ya kunieleza yaliyopita darasani.

Pale mlangoni kuna kapu lenye vipande vya kadi na penseli za rangi. Naomba kila mzazi na kila mlezi achukue vipande vinne kabla hajatoka. Usiku huu, au kesho asubuhi, kaa na mwanao mchore pamoja mambo manne ya siku yenu kama yalivyo, kikombe, karai, mkeka, mpira, au chochote mlicho nacho, kisha mvipange chini kwa mfuatano wake na umwache yeye avigeuze kimoja kimoja jambo likishafanyika. Msiandike saa juu yake. Asiyejua ni mambo gani manne ya nyumba yake aje tukae tuyatafute. Nitakuwa hapa kwenye benchi hili mpaka adhana ya Magharibi.